Dada Aliyeomba Ruhusa Mezani

Teksi ilinishusha mbele ya jengo la ghorofa sita ambalo sikuwahi kuliona, ingawa anwani yake nilikuwa nimeiandika juu ya vifurushi kwa miaka mingi. Mkono mmoja nilishika sanduku, mwingine chupa ya mvinyo iliyoviringishwa kwenye sweta. Mfuko wa koti ulikuwa na kijiti kilichofungwa kwa gazeti. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 29 Juni mwaka huu, jioni. Ndani ya lifti mlijaa harufu ya vitunguu vinavyokaangwa taratibu, nikajua sina haja ya kutafuta namba ya mlango, niifuate pua tu. Mlango ulifunguliwa na mzee nisiyemjua, kitambaa cha mezani kikining'inia shingoni. Alinitazama toka kichwani hadi viatuni, kisha akageukia ndani na kupaza sauti: "Kiguu-na-Njia amefika! Ongezeni sahani, na huo mlango ufungeni asitoroke!"

Ndivyo nilivyoingia kwenye nyumba ya dada yangu, ambaye leo tumekusanyika kumsindikiza. Familia imenipa kazi ya kuandika na kusoma wasifu wake, nami nitafuata mpango uliozoeleka, kwa sababu marehemu hakupenda supu iletwe baada ya nyama.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, akiwa safarini. Mama alikuwa kwenye treni, akimfuata baba aliyekuwa amepata kazi ya ukarani wa posta katika mji ambao mama hakuwahi kuuona. Uchungu ukamshika njiani. Wakamteremsha kwenye stesheni ndogo, wakamlaza kwenye benchi ofisini kwa mkuu wa stesheni, na treni nzima ikasimama kumsubiri. Abiria walichungulia madirishani, hawa wakinung'unika, wale wakiuliza kama ni wa kike au wa kiume. Mtoto alipolia dereva alipiga honi, mama akapandishwa na kichanga chake, safari ikaendelea. Baba alipenda kusema kwamba binti yake alianza maisha kwa kuwazuia watu wasiondoke, na hakuacha. Mimi nilikuja miaka sita baadaye, nikazaliwa kitandani kwa utulivu, halafu nikawa ndiye wa kuzurura. Tulizaliwa wawili tu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha sekondari ya wasichana hadi 1974. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Alikuwa yule ambaye dawati lake linanukia chakula. Akiwa kidato cha pili alikutwa akichemsha mayai kwenye vyombo vya maabara ya kemia, akisaidiwa na msichana waliyekaa naye dawati moja, ambaye baadaye alikuja kuwa mshonaji na akabaki rafiki yake mpaka mwisho.

"Mnafanya nini?" mwalimu wa zamu akauliza.

"Jaribio, mwalimu."

"Jaribio la nini?"

"La kuona kama utatuacha tule."

Walifagia bweni muhula mzima, lakini mayai waliyala.

Baada ya mafunzo ya miaka miwili ya kutengeneza meno ya bandia, aliajiriwa Januari 1978 katika kliniki ya daktari wa meno aliyekuwa bado kijana, na ndiye huyu Daktari mwenye mvi aliyekaa mstari wa mbele. Chumba cha kazi cha marehemu kilikuwa nyuma ya kliniki. Hakikuwa na dirisha, na ukinyoosha mikono uligusa kuta zote mbili. Humo aliishi na plasta, nta, taa ndogo ya spiriti, mashine ya kusugulia, na vumbi jeupe lililotua juu ya kila kitu, nywele zake zikiwemo. Wagonjwa hawakumwona. Yeye aliwajua kwa taya. Akipishana na mtu njiani aliweza kuninong'oneza kwa fahari, "Yule wangu, wa juu, kulia." Watu wakamwita Bi Meno, na jina likaganda. Visu vyake vya nta vilipochakaa alivileta nyumbani akavitumia kukatia kingo za pai.

Alistaafu mwaka 2017. Kwa muda wote huo alilalamikia jambo moja tu. "Natengeneza meno kutwa," alisema, "na sijawahi kumwona mtu akiyatumia." Nadhani meza yake ilianzia hapo.

Alifunga ndoa tarehe 4 Mei 1985. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amekwama kwenye lifti ya jengo lile lile aliloishi mpaka mwisho, akiwa amebeba sufuria ya nyama iliyopikwa kwa vitunguu na mvinyo mwekundu, zawadi ya siku ya kuzaliwa ya Daktari. Fundi wa lifti alifika, akaita kutoka juu.

"Uko peke yako humo?"

"Niko na sufuria."

"Usiguse vitufe. Sufuria ina nini?"

"Chakula cha watu."

"Kinanukia mpaka huku. Basi hii kazi itachukua muda kidogo."

Mlango ulipofunguka kiasi cha kupitisha mkono, fundi hakuendelea kuuvuta. Aliomba kuonja kwanza. Marehemu alimpitishia kipande juu ya mfuniko, halafu cha pili, na Daktari siku hiyo alipokea mchuzi. Shemeji yangu hana maneno mengi, lakini hili alimwambia kila aliyekuwa tayari kusikiliza: "Mimi nilimtoa kwenye lifti, yeye akanifungia jikoni." Walijaliwa binti mmoja, mwaka 1988.

Sasa niseme juu ya Alhamisi, maana bila Alhamisi hakuna wasifu hapa.

Novemba 1989, Mwalimu, jirani wa ghorofa ya chini aliyefundisha hesabu, ndiye yule mzee aliyenifungulia mlango, alifiwa na mkewe. Marehemu alisikia kimya kile kikipanda kupitia sakafu. Alhamisi moja alishuka, akagonga. "Mwalimu, panda ule nasi, mpaka utakapopata nafuu." Ili Mwalimu asione haya kula kwa watu peke yake, akamwalika na Daktari. Na kwa kuwa Daktari akiachiwa mazungumzo huzungumzia ufizi, akamwita pia rafiki yake mshonaji. Pamoja na shemeji wakawa watano. Walikula kuku wa kuoka, viazi, na mkate aliokanda mwenyewe. Mimi nilikuwa nimetuma chupa mbili za mvinyo kutoka nilikokuwa, wakazifungua. Wiki iliyofuata wakarudi.

Kila meza ina sheria zake, na ya dada ilikuwa na mbili. Ya kwanza, chupa ikishafunguliwa, hakuna anayeinuka kabla haijaisha. Ya pili, anayetaka kuondoka, au kukosa Alhamisi inayofuata, sharti asimame na kusema, "Naomba ruhusa," na wote waliokaa wajibu mmoja mmoja, "Ruksa." Mmoja akikataa, unakaa. Ilianza kama mchezo wa kumchangamsha Mwalimu. Ikaja kuwa kitu kingine. Daktari alikosa harusi ya mpwa wake kwa sababu mshonaji alikataa. Mshonaji naye aliwahi kukaa na homa, blanketi mabegani, kwa sababu Daktari alimpima mapigo ya moyo pale pale mezani akasema hana kitu.

Vifurushi vyangu viliendelea kwenda. Nilikuwa kila mahali, na kila nilikofika nilijifunza kwanza, kwa lugha ya hapo, namna ya kuomba chupa nzuri isiyo ya watalii. Dada alikuwa akinusa kizibo kabla ya kumimina, kisha ananipigia simu. "Huu ulipopatikana kulikuwa na mvua?" Aghalabu ilikuwa kweli. Alikunywa mvinyo wa milimani, wa visiwani, wa mabonde yenye ukungu, na hakuwahi kuuona mzabibu.

"Mti wenyewe ukoje? Mrefu?" aliniuliza siku moja.

"Si mti hasa. Unatambaa."

"Utamu wote huu unatoka kwenye kitu kinachotambaa? Mdogo wangu, hiki lazima nikione."

Hicho ndicho alichokitaka, na hakikuwa kikubwa. Asimame katikati ya mizabibu wakati wa mavuno, achume zabibu moja, aile. Nilimwalika mara nyingi. Kila mara jibu lilikuwa moja: "Na Alhamisi?" Binti yake alimwambia waziwazi, "Mama, wewe ni mfungwa wa sufuria." Alicheka, akaendelea kumenya karoti.

Septemba 2004 alijikaza. Mimi nilikuwa nimeshafika shambani kwa mkulima mmoja rafiki yangu, na nilikuwa nimemtangulizia chupa ya hapo hapo: "Hii ni ya huku unakokuja." Alisimama mezani akaomba ruhusa ya Alhamisi mbili. Wote walimpa, hata Mwalimu, ingawa yeye alilisema neno huku akitazama chumvi. Safari ilikuwa ianze Alhamisi mchana. Shemeji alimpeleka stesheni. Alikuwa amevaa gauni jipya aliloshonewa na rafiki yake, lenye mfuko wa ndani wa kuwekea kisu kidogo cha kuchumia zabibu. Zikiwa zimebaki dakika chache, Mwalimu alipiga simu.

"Safari njema, Bi Meno. Usitufikirie kabisa. Sisi tutakula mkate."

"Mkate na nini?"

"Mkate tu. Mkate unatosha."

Shemeji alinisimulia kwamba alikata simu. Alisimama, sanduku mkononi, akiitazama treni kama mtu anayetazama nguo dirishani mwa duka lililofungwa. Kisha akauliza, "Fundi, nyumbani kuna mayai?" Jioni ile alipika kwa gauni la safari. Ile chupa niliyomtumia aliilaza juu ya kabati la jikoni, nyuma ya kopo la unga. Mtu akiinyoshea mkono alimpiga kwa mwiko. "Hiyo ya safari. Itafunguliwa siku nitakayoondoka."

Mwaka 2021 alianza kukohoa. Mapafu yalikuwa yamekakamaa kwa sababu ya vumbi la miaka yote ile, na hayakuwa na dawa ya kuyalainisha. Mwanzoni alishindwa ngazi. Kisha akashindwa barabara. Mwaka huu akafungiwa mashine ya oksijeni, na mrija wake ulifika kitandani, chooni, na kizingitini mwa jikoni. Haukuvuka hapo. Muuguzi alikataza, kwa sababu oksijeni na moto havikai chumba kimoja. Kwa hiyo dada aliwekewa kiti kizingitini, mrija puani, mwiko mkononi kama askari wa barabarani, na Alhamisi ikaendelea. Safari hii walaji ndio waliopika.

Jioni ile niliyofika ndivyo nilivyowakuta. Watu waliokaa meza moja zaidi ya miaka thelathini, hakuna aliyejua kukata kitunguu.

"Daktari, hilo si jino, usiling'oe, likate!"

"Nakata, Bi Meno."

"Unaua. Na wewe shoga yangu, moto punguza, huo mchuzi unalia."

"Mchuzi haulii, mimi ndiye ninayelia, hivi vitunguu."

Aliponiona hakusema karibu. Alisema, "Osha mikono." Niliosha. Nikapewa kisu, nikaambiwa nisimame pale, na sijui kama nimewahi kuambiwa niondoke.

Baada ya chakula nilimpa kile kijiti. Kilikuwa tawi la mzabibu, nimelikata mwenyewe kwa ruhusa ya mwenye shamba. Alilifungua gazetini, akaligeuza, akalinusa kama anavyonusa kizibo.

"Ndio huu?"

"Ndio huu."

"Mbona kuni tu hizi?" Alicheka mpaka akakosa pumzi, shemeji akaja mbio kuongeza mashine. Tawi lile lilikaa kando ya mto wake tangu siku hiyo.

Nilikaa, na kwa kuwa mimi ni mgeni asiye na upande, kila mmoja alinijia kwa wakati wake kuniambia jambo lile lile. Mshonaji alisema angeacha kuja zamani, macho yake yanataka kulala mapema, ila alihofia kumvunja moyo Daktari. Daktari alisema tumbo lake halitaki tena mvinyo mwekundu, ila angemwachaje Mwalimu. Mwalimu alinisubiri kwenye lifti. "Mimi nilipona mwaka uliofuata, wa tisini," alisema. "Kufika mwezi wa tatu nilikuwa mzima. Lakini nilimwona anavyofurahia kupika, nikasema nisimkatishe tamaa, nivumilie kidogo." Na dada mwenyewe, nikimbadilishia shuka, alisema: "Nilichoka zamani, mdogo wangu. Lakini nikiacha, yule mzee atarudi kule kule kwenye kimya chake."

Watu wanne walizuiana kwa upendo mtupu, kila mmoja akiushika mlango kwa ajili ya mwenzake. Nimepita kwenye mipaka mingi yenye walinzi na bunduki, na sijaona uliofungwa vizuri zaidi.

Nilitaka kuwaambia. Dada alinikataza. "Ukiwaambia leo watakuwa wamekuja bure miaka yote hiyo. Acha. Chakula kilikuwa kizuri."

Alhamisi iliyopita, tarehe 12 Oktoba, tulimsogezea kiti mpaka meza ya sebuleni. Mimi nilikuwa nimeoka samaki kwa limau, akamwonja kwa ncha ya uma. "Chumvi," akasema, na hiyo kwake ilikuwa sifa, maana ilikuwa kasoro moja tu. Kwenye chupa mlikuwa mmebaki kama nusu. Akashika ukingo wa meza akasimama. Hakuwa amesimama peke yake tangu Agosti.

"Naomba ruhusa," alisema.

Hakuna aliyeuliza ya kwenda wapi.

Shemeji alitangulia. Ilimchukua muda, lakini alilitoa. "Ruksa, mke wangu." Binti yake akalisema akiwa ameukamata mkono wake. Mshonaji, "Ruksa, shoga yangu." Daktari, "Ruksa." Mimi nikasema langu. Ikabaki zamu ya Mwalimu. Alitazama chumvi. Meno yake, ambayo dada ndiye aliyeyatengeneza, yaligongana mara mbili kama afanyavyo akikataa jambo.

"Chupa haijaisha," alisema.

Dada alimtazama kwa muda. Hakukasirika. Sheria ilikuwa yake mwenyewe. "Haya," alisema, akakaa.

Marehemu aliaga dunia Jumatatu, tarehe 16 Oktoba 2023, mchana, nyumbani kwake. Shemeji alikuwa ameshika mguu wake, binti ameshika mkono. Mimi nilikuwa jikoni. Aliondoka bila ruhusa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na waliomjua watakubali kwamba liko nje kabisa ya tabia yake.

Kijitabu hiki kilikuwa kiishie hapo. Ukurasa huu wa mwisho niliuongeza jana, Jumatano alasiri, nikiwa nimekaa jikoni kwake. Mlango uligongwa. Alikuwa Mwalimu, na mkononi alikuwa na mfuko wa vitunguu, kama kila Jumatano.

"Kesho tunakula?" aliuliza.

"Kesho tunazika, Mwalimu."

"Najua tunazika, mimi si mtoto. Nimeuliza kama tunakula."

Nilitazama kiti kilichokuwa bado kizingitini. "Tutakula."

"Nani atapika?"

"Mimi."

"Wewe?" Alikaa, akamwaga vitunguu mezani, akachukua kisu cha nta akaanza kumenya, vibaya kama siku zote. "Wewe ambaye sanduku lako halijafunguliwa? Tiketi yako ya lini?"

Nilichukua kitunguu kimoja nami nikamenya. Aliinua macho kwenye kabati.

"Ile ya safari?"

"Tutaifungua kesho. Alisema siku atakayoondoka."

"Na hutainuka kabla haijaisha?"

"Sitainuka."

"Na ikiisha?"

"Chini ya kitanda ziko nyingine. Nilizituma mwenyewe."

Alimaliza kitunguu kimoja, akakiangalia, akakiweka. Akapitisha mkono machoni, nikadhani ni machozi ya kitunguu. "Nilikuwa nimepona," alisema. "Yeye alijua?"

Nilikumbuka nilivyokatazwa. "Alijua chakula kilikuwa kizuri," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Kisha akainuka, akajinyoosha, akafunga kifungo cha koti kama mtu anayeingia ofisini. "Basi kamwambie. Mimi kesho sauti haitatoka. Mwambie Mwalimu kasema ruksa."

"Nitamwambia."

Alifika mlangoni akageuka, akaninyoshea kidole.

"Ruksa ni ya kwake. Wewe huna."

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, mdogo wake mmoja ambaye ndiye anayesoma, marafiki watatu, meza moja ya watu sita, na vinywa vingi katika mji huu vinavyotafuna kwa kazi ya mikono yake. Tawi la mzabibu analo mkononi. Mfuko wa ndani wa gauni lake, lile la mwaka 2004, una kisu kidogo cha kuchumia.

Dada, gari liko tayari na wote wamekubali. Ruksa. Nenda taratibu, pumzika kwa amani, na leo usiulize tumekula na nini. Vyombo nitaosha mimi.